Mzizi wa Nyamizi

Ngollo alitumwa Mtendeni, mtaa wa maduka mjini Tabora, kununua blanketi, chupa ya chai na beseni dogo la mgonjwa kutapikia njiani. Hakurudi na hata kimoja.

Tiketi za treni ya Mwanza zilikuwa mfukoni mwa shati lake. Mdogo wake Silasi alikuwa amelazwa hospitali, na asubuhi hiyo daktari alikuwa amewaambia yeye, mkewe Theodora na Ngollo maneno yasiyo na mapambo. Kuna uvimbe kwenye ini. Ni saratani. Umekaa upande mmoja, haujatapakaa. Akiwahi Mwanza atakatwa, na ana nafasi nzuri ya kuishi. Akichelewa, zile seli zitaingia kwenye damu, zitapanda mpaka kwenye mapafu na mifupa, na hapo hata mabingwa wa Mwanza watakunja mikono. "Nendeni kabla mvua hazijaanza," daktari alisema, na mvua zilikuwa zimeshaanza kunukia.

Ndipo Ngollo akaingia dukani kwa Ghalibu. Mzee Ghalibu ni wa ukoo wa Waarabu waliokuja Tabora na misafara na hawakuondoka tena, na duka lake lina kila kitu, kuanzia iliki mpaka sufuria za msibani. Yeye na Ngollo walikuwa hawapendani kwa adabu, kama watu waliokwisha kuzoeana.

"Karibu, mpinzani," Ghalibu alisema bila kuinua macho kwenye mzani wake wa iliki. "Leo unampinga nani?"

"Wewe na bei zako."

"Bei za babu yangu zilikuwa mbaya zaidi."

"Najua. Babu yangu ndiye aliyezibeba pembe zake za ndovu mpaka Bagamoyo. Alirudi na nundu hapa." Ngollo akagusa bega lake la kulia. "Alizikwa nayo."

"Kila ukija unanionyesha hilo bega. Lingekuwa linakuuma ningekuuzia mafuta ya kuchua."

Redio juu ya rafu ilikuwa ikisoma habari, na hakuna aliyekuwa akiisikiliza mpaka iliposema neno moja. Ilisema kwamba watafiti wa chuo kimoja cha Dar es Salaam wamechuja kemikali kutoka kwenye mzizi wa mti wa pori la magharibi, na kwamba kule maabara kemikali hiyo imezizuia seli za saratani ya ini zisitapakae. Wenyeji, redio iliendelea, wanauita mti huo mzizi wa Nyamizi.

Ngollo aliweka chini blanketi alilokuwa akilipapasa. Nyamizi alikuwa mama yake.

Hakuwa mganga wa kupiga ramli, Nyamizi. Alikuwa mwanamke wa mashamba ya tumbaku wa kijijini kwao Goweko aliyejua mizizi, basi. Mtu mwenye macho ya manjano alikuwa akija kwake, anapewa kipande cha kutafuna, anakwenda zake. Kisha siku moja likaja gari la kijani lenye watu wa chuo. Mama akawaingiza porini kwa miguu yake, wakachimba, wakampiga picha ameshika jembe, wakaahidi kurudi na majibu. Ngollo alikuwa kijana wakati huo, na hakusahau kitu. Anakumbuka ufa kwenye kioo cha gari. Anakumbuka yule mrefu alivyokunywa maji ya mama na kuyasukutua kwanza kama anayeogopa sumu. Na anakumbuka kwamba mpaka anakufa, mama yake akisikia gari barabarani alikuwa akiinuka na kufunga khanga upya.

Ghalibu alikuwa amesikia pia. Mfanyabiashara husikia mara moja.

"Huo mzizi uko kwenu, mzee Ngollo? Niletee gunia. Biashara ya halali, mimi na wewe."

"Pembe mlibeba," Ngollo alisema. "Mzizi hamtabeba."

"Na blanketi je?"

"Funika redio yako."

Akatoka. Redio ilikuwa imetaja maabara, ni kweli, lakini neno lile lilimpita masikioni kama stesheni ambayo treni haisimami. Alichosikia ni kimoja: walichukua, wakanyamaza miaka yote ile, na leo wamekiri.

*

"Blanketi liko wapi, shemeji?" Theodora aliuliza mlangoni mwa wodi.

"Hatuendi Mwanza."

Theodora alikuwa mwanamke wa Igunga, binti wa wafugaji, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anayekagua ng'ombe mnadani. Alimtazama Ngollo hivyo, kuanzia miguuni.

"Umekunywa?"

Ngollo akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sababu kueleza ndiyo kazi aliyojifundisha. Shule aliiachia darasa la nne, akaendelea kusoma kwenye magazeti yaliyofungia sukari. Na Goweko nzima walikuwa wakikumbuka msimu ule mnunuzi mmoja wa tumbaku alipokuja na mzani wake. Ngollo alipanda juu ya mzani mwenyewe, akakaa, akakataa kushuka mpaka uletwe mfuko wa saruji ambao uzito wake umeandikwa kiwandani. Mfuko ukaletwa, mzani ukaumbuka. Tangu siku hiyo neno la Ngollo kule Goweko lilikuwa halihojiwi, na huenda hilo ndilo lilikuwa tatizo.

"Mdomo wako ulishinda mzani," Theodora alisema alipomaliza. "Ini si mzani, shemeji."

"Wanataka kumpasua mdogo wangu, na dawa wameichimba nyuma ya nyumba yetu. Wewe huoni?"

"Naona tiketi mfukoni mwako."

Silasi alikuwa amejilaza ubavu, anawasikiliza. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole, aliyeshika bango kila mahali kaka yake alipohutubia, hata pale asipojua bango limeandikwa nini. Kisu alikuwa akikiogopa tangu mjomba wao alipokwenda kupasuliwa na kurudi ndani ya sanduku. Maisha yake yote alikuwa na swali moja, na akaliuliza tena.

"Kaka anasemaje?"

"Kaka anasema tunakwenda nyumbani."

Wakaenda nyumbani. Theodora alibeba mizigo kwenye stesheni ya Goweko, hakumpa mtu amsaidie.

*

Ngollo alichimba mzizi kilima kilekile, akauanika kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, umening'inia kwenye fito kama majani ya msimu. Mama yake alikuwa akimpa mtu kipande cha kutafuna na kumwambia asirudi mpaka mwezi uandame tena. Ngollo aliona hiyo ilikuwa dawa ya watu wasio na haraka. Yeye alichemsha sufuria nzima mpaka maji yakawa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na Silasi akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mwanzoni hamu ya kula ikamrudia. Alimaliza sahani ya ugali na mlenda mbele ya watu, na habari ikafika mpaka Nzega.

Kisha likaja gari la chuo. Hili lilikuwa jeupe, na aliyeshuka hakuwa mwanaume mrefu. Alikuwa dada bado kijana, kilemba kichwani, buti za shambani miguuni. Alijaribu kusalimu kwa lugha ya wenyeji.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka," wakaitikia akina mama waliokuwa wakifunga tumbaku, na mmoja akauliza, "Wewe na ulimi huo umetokea wapi?"

"Naitwa Hafsa. Kwetu Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Uwanja ukajaa vicheko, na Hafsa mwenyewe akatabasamu, kwa sababu alijua alichojitakia. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakiingia Pwani mabega yametoka malengelenge na Wazaramo wakiwapokea kwa matusi na chakula, makabila haya mawili ni watani, na mtani hana kosa. Atachukua kuku wako na hutamshitaki. Atakwambia ni mbaya wa sura siku ya harusi yako. Ukifa, atajilaza kaburini kabla yako aone kama panakutosha. Lolote atakalosema ni utani, na kukasirika ni aibu yako wewe.

"Karibu, mla nazi," mzee mmoja alisema. "Kwenu nazi mnaangua, au bado mnalala chini mkingoja idondoke?"

"Tunangoja Mnyamwezi apite tumpandishe," Hafsa alisema. "Kupanda na kubeba si ndizo kazi zenu? Mzigo wako leo umeuacha wapi, babu?"

Walicheka mpaka fito za tumbaku zikawaanguka mikononi. Ngollo peke yake alikuwa amesimama mlangoni mwa bani, mikono nyuma. Alikuwa akiangalia gari.

"Umekuja kuchimba," alisema.

"Nimekuja kuomba kuchimba."

"Mama yangu aliahidiwa majibu. Alikufa amefunga khanga akiwangoja. Sasa sikiliza, binti. Kama umekuja mtani, kaa ule. Kama umekuja chuo, geuza gari."

"Basi nimekuja mtani," Hafsa alisema, na akakaa.

Hapo ndipo alipomwona Silasi mkekani na kikombe mkononi. Aliinuka, akakichukua, akanusa. Akauliza mgonjwa ana nini, na Theodora akamjibu haraka kabla shemeji yake hajafungua kinywa. Uso wa Hafsa ukabadilika.

"Mnamnywesha huu? Umechemshwa mzima?"

"Si nyie mmesema redioni?" Ngollo alisema.

"Sisi tulichuja kitu kimoja tu humu ndani, kidogo kuliko punje ya chumvi, tukakidondoshea seli ndani ya kisahani. Mzizi una vitu vingine vingi, na ini ndilo linalovibeba vyote. Huyu ini lake limeshaumwa. Mkiendelea hivi mnamchimbia kaburi."

Kisha yule mzee wa nazi akasema, "Mchimbieni refu, na Mzaramo apate pa kulala," na uwanja ukalipuka.

"Sitanii," Hafsa alisema.

"Sikiliza huyo. Ati hatanii."

"Nasema kweli. Mpelekeni Mwanza leo. Atakufa."

"Na wewe ndiye utakayemlilia? Mzaramo alie kwa ajili ya Mnyamwezi, jua litoke Kigoma."

Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani hodari ni yule asiyecheka mwenyewe. Silasi pia alikuwa akicheka, ameshika ubavu. Hafsa alitazama huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo mtu mwingine angelifanya pale angepigwa. Alikwenda kwenye mafiga, akashika sufuria ya mzizi kwa upindo wa khanga ya mtu, akaimwaga yote chini.

Wanawake wakapiga vigelegele. Ngollo, ambaye watu walikuwa hawajaona meno yake tangu msimu wa mzani, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu ni mtani kweli," alisema. Akaamuru akamatiwe kuku, jogoo mwekundu, akampa kwa mikono miwili.

Hafsa aliondoka na jogoo amemfunga miguu kitini. Hakuchimba hata mzizi mmoja. Theodora, ambaye hakucheka, alimfuata mpaka kwenye gari na kumwomba namba ya simu.

Jioni Ngollo alibandika sufuria nyingine.

*

Ini halipigi kelele. Linaanza kwenye macho. Silasi aliamka siku moja weupe wa macho yake umekuwa rangi ya ndizi mbivu, na Ngollo akasema ni ugonjwa unatoka. Kisha akaanza kujikuna usiku na mchana, akajichuna ngozi ya mikono. Ngollo akasema ni sumu inatafuta njia. Tumbo likajaa, miguu ikavimba, na mtu aliyekuwa akimaliza sahani ya ugali akawa anageuza uso akinusa moshi wa jiko. Ngollo akaongeza kikombe cha tatu.

"Shemeji," Theodora alisema, "ukiona mzani unadanganya unafanyaje?"

"Usinichokoze."

"Unaleta mfuko wa saruji. Mimi nimeuita."

Hafsa alikuja safari hii bila gari la chuo. Alishuka treni, akapanda bodaboda mpaka uwanjani, vumbi mpaka kwenye kope. Wale wazee walimwona kwa mbali wakaanza kucheka. "Amekuja kumrudisha jogoo. Amemshinda kula."

Hafsa alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Ngollo, akapiga magoti kwenye mchanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Vicheko vikakatika kama kamba. Mtani hatoi shikamoo. Mtani hukupiga begani na kukuita mbeba pembe. Hakuna aliyekuwapo pale aliyewahi kuona Mzaramo akimpigia Mnyamwezi magoti, na kila mmoja alihisi baridi bila kujua inatoka wapi.

"Inuka," Ngollo alisema. "Unafanya nini? Mtani hanisalimii hivyo."

"Leo sikuja mtani."

"Basi umekuja chuo. Nilikwambia chuo kigeuze gari."

"Gari sina. Baba, tulipima kwa panya. Tuliwapa wengine kemikali iliyochujwa, na wengine tukawapa mzizi mzima uliochemshwa, hivihivi mnavyochemsha nyie. Hao wa mwisho uvimbe wao haukutembea, ni kweli. Lakini ini lao liliharibika. Walikufa kwa ini, hawakungoja saratani."

Ngollo alipofungua kinywa sauti ilikuwa ya chini, na waliomjua walijua hiyo ndiyo mbaya.

"Hao panya walikufa lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi. Mkamwambia nani?"

"Tuliandika."

"Kwa lugha gani?"

Hafsa alitazama mchanga. "Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza," Ngollo aliwageukia watu. "Mmesikia. Habari njema wakaipeleka redioni kwa Kiswahili, na mama yangu wakamtaja, tupige makofi. Habari ya kufa wakaiandika kwa Kiingereza, wasomeane wao kwa wao. Panya wa Dar wana bahati, bibie. Walipokufa kuna mtu aliandika. Sisi panya wa Goweko mngetujuaje?"

"Una haki," Hafsa alisema.

"Sitaki haki yako. Haki ninayo tangu gari la kijani."

"Una haki, na bado anakufa. Gombana nami baadaye. Nitakuja unigombeze mpaka uchoke. Huyu apande treni ya leo."

"Hunipangii—"

"Kaka," Silasi alisema kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba kingine. "Nyamaza."

Ngollo aligeuka. Katika maisha yao yote hakuwahi kuambiwa neno hilo na mdogo wake.

"Nipelekeni Mwanza," Silasi alisema. Na safari hii hakuuliza kaka anasemaje.

*

Daktari bingwa wa Mwanza alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, lakini alikaa chini kuzungumza nao, na Theodora akajua hapohapo kwamba habari si nzuri. Watu wenye haraka hawakai kwa ajili ya habari nzuri.

Uvimbe, alisema, uko palepale ulipoonekana Tabora. Haujaingia kwenye mapafu, haujaingia popote. Ungekatika. Lakini sehemu ya ini iliyobaki, ile iliyokuwa nzima na ambayo ndiyo ingembeba mgonjwa baada ya kukatwa, imeungua kwa dawa. Akiwekewa kisu sasa hataamka. Watangoja waone kama ini litajirudi. Alisema hivyo akitazama meza.

Nje ya chumba, kwenye veranda iliyojaa ndugu za wagonjwa na vikapu vyao, Ngollo alimshika Theodora mkono.

"Umesikia? Haukutembea hata hatua. Palepale. Mzizi wa mama umeushika."

Theodora alipiga simu, kwa sababu alitaka kumsikia mtu mwingine akisema. Hafsa upande wa pili akasema hakuna anayeweza kujua: labda mzizi uliuzuia, labda ungekaa palepale wenyewe, uvimbe mwingine huenda polepole. Kwa mtu mmoja huwezi kupima.

Theodora akakata. Akamgeukia shemeji yake na kumkagua tena, kuanzia miguuni, akafika machoni.

"Uvimbe hautembei," alisema. "Na mume wangu je, anatembea?"

Ini halikujirudi. Silasi alirudishwa Goweko ili afie kwake, na kwake akafia, mvua zikigonga bati kwa nguvu hata pumzi yake ya mwisho hakuna aliyeisikia.

*

Watani wa Kisukuma walifika mapema msibani, na walifanya kazi yao. Mmoja alijilaza kaburini akalalamika kwamba ni fupi, Wanyamwezi wanabana hata udongo. Mwingine alivaa shati la marehemu, akawa anatembea kama yeye, mabega mbele, ameshika bango la kufikirika juu chini. Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja. Hiyo ndiyo kazi ya utani: unapitisha mahali ambapo pole haipiti.

Ngollo alikaa kwenye kigoda karibu na bani, hachekeshwi na yeyote. Alikuwa akingoja. Mzaramo atakuja, alijiambia. Atanitukana mbele ya watu. Ataniita mpika sumu, mnywesha ndugu, na watu watacheka, na jambo likishachekwa na mtani limekwisha kusemwa. Halirudi tena nyumbani kwako usiku kukaa kitandani.

Hafsa alikuja na bodaboda, amelowa. Walipomwona, watu wakajiweka sawa, wakasogea kumpa nafasi ya kuchezea. "Mzaramo kafika. Sema, mla nazi." Hafsa alikwenda moja kwa moja kwa Theodora, akamshika mikono, kisha akakaa kwenye mkeka pamoja na akina mama. Hakusema kitu. Waliendelea kumngoja.

Ngollo hakuvumilia. Aliinuka akamwendea.

"Umekuja kukaa?"

"Shikamoo, baba."

"Achana na shikamoo. Wewe ni mtani. Fanya kazi yako. Niite muuaji. Niite kwa utani, watu wacheke, tuzike."

Hafsa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na urafiki hata kidogo.

"Kwa utani siwezi," alisema.

"Na mimi nikuite nani? Mliojua mkanyamaza?"

"Niite hivyohivyo."

"Kwa utani?"

"Hapana."

Walibaki wakitazamana, maji ya mvua yakitiririka kwenye paa la bani katikati yao. Ndani ya bani, kwenye fito, mizizi iliyobaki ilikuwa bado inaning'inia. Na hapo mtu mmoja kutoka Nzega, mkulima wa pamba aliyekuja na baiskeli, akamsogelea Ngollo, akamvuta kando kwa heshima kubwa.

"Mzee, pole sana. Ni mipango ya Mungu. Samahani kuuliza mahali kama hapa. Mama mkwe wangu ana uvimbe tumboni, na tulisikia redioni. Nimekuja na mfuko." Akautoa kweli, mfuko wa salfeti uliokunjwa vizuri. "Inasemekana hata kwa marehemu uliuzuia usitapakae. Mnachemsha kiasi gani?"

Ngollo aliutazama mfuko. Akatazama nyuso nyuma ya yule mtu, akaona wengine wawili watatu wametega masikio. Kule Mtendeni bila shaka Ghalibu alikuwa ameshapata wa kumletea gunia lake.

"Wewe," alimwambia Hafsa, na hakuna upole uliokuwamo. "Simama. Waambie habari za panya wenu. Kwa lugha wanayoijua, leo."

Hafsa akasimama. Alianza tangu mwanzo: kisahani, kemikali iliyochujwa, mzizi mzima, panya, ini. Alisema chuo kilijua na hakikuja kusema, na yeye alikuwa mmoja wa waliojua. Alisema mzizi ukichemshwa hivi unaua. Aliporudia habari ya panya, mzee wa nazi akaguna pembeni.

"Ndugu yetu hajafunikwa, Mzaramo ameshatuletea hadithi za panya. Wamekula nazi yenu, au nini?"

Kicheko kikaanza. Kilianzia kwa wazee, kikapita kwa vijana, na yule mtu wa Nzega naye akatabasamu kwa afueni, akakunjua mfuko wake. Ngollo alikisikia kikija. Alikuwa amekisikia kabla, uwanja huuhuu, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Akapanda juu ya kigoda chake, watu wamwone.

"Marahaba," alimwambia Hafsa, kwa sauti ileile aliyoitumia siku ile juu ya mzani.

Kicheko kikafa. Mtu wa Nzega akatazama huku na huku, akaanza kuukunja mfuko wake tena, polepole.

"Endelea," Ngollo alisema. "Bado sijakusamehe. Endelea."